Kaseti inasema ndiyo, ELISA inasitasita: niliwahi kuugua dengi au la?

Swali: "Shikamoo daktari. Nina miaka 41, nimezaliwa Lindi, naishi Dar es Salaam. Mwaka 2019, dengi ilipovuma hapa mjini, niliugua homa kali siku tano, viungo vikiuma na nyuma ya macho pia. Nilipimwa malaria tu, haikuonekana. Mwezi uliopita zahanati ya mtaani ilinipima dengi kwa kaseti, kile kipimo cha haraka cha tone la damu: mstari wa IgG upo, wa IgM hakuna. Sikuridhika. Nikaenda maabara kubwa, wakanitoa damu ya mshipa, ELISA ya dengi IgG ikaja 1.04, wakaandika 'haijabainika, rudia'. Hapohapo wakanipima chikungunya IgG, ikatoka chanya, 3.8. Mwaka 2016 nilichanjwa homa ya manjano kwa ajili ya safari. Nishike kipimo kipi? Nasikia dengi ya pili ndiyo inayoua."

Marahaba, dada. Kwa karatasi ulizonazo, hakuna anayeweza kukuapia kwamba uliwahi kuugua dengi, wala kwamba hukuugua. Jibu la chikungunya, homa nyingine ya mbu, lina uzito zaidi, ila nayo ina ndugu anayefanana nayo. Na katika yote uliyoandika, kilichonigutusha ni ile sentensi fupi ya chanjo. Kama hukuwaambia watu wa maabara, walisoma damu yako wakiwa wamefumba jicho moja.

Kirusi cha dengi kikiingia mwilini, kingamwili, yaani protini za ulinzi, za aina ya mwanzo ziitwazo IgM huanza kuonekana kama siku ya tatu hadi ya tano ya homa, hupanda wiki ya pili, kisha kwa watu wengi hufifia ndani ya miezi miwili mitatu. Aina ya pili, IgG, huja nyuma yake na hukaa miaka mingi. Kwa hiyo IgM kukosekana kwako mwezi uliopita hakutuambii lolote kuhusu 2019. Ushahidi wa ugonjwa wa zamani tunautafuta kwenye IgG peke yake, na hapo ndipo shida inapoanzia.

IgG humkumbuka mvamizi kwa sura, na virusi hivi ni watu wa ukoo mmoja. Dengi, Zika, homa ya manjano na virusi vya Nili Magharibi ni wa mlango mmoja, protini zao za nje zinafanana kama pua za ndugu. Chanjo ya homa ya manjano, ile inayoitwa 17D, ni kirusi hai kilichodhoofishwa. Ulipochomwa 2016 mwili wako uliambukizwa kweli, kwa upole, ukatengeneza kingamwili za kudumu. Ni kwa sababu hiyo tangu Julai 2016 kadi ya manjano huhesabiwa kuwa halali maisha yote badala ya miaka 10. Sasa kingamwili hizo zikikutana na vipande vya dengi kwenye kipimo, baadhi yake hunatia. Hunatia kwa ulegevu, si kwa nguvu. Na namba kama 1.04 ndiyo hasa sura ya kunatia kwa ulegevu.

Tuanze na kaseti. Watu huiamini kwa sababu wameiona kwa macho yao: tone la damu ya kidoleni, matone ya dawa, dakika 15 au 20, mstari. Lakini jambo ambalo hata wahudumu wengi hawalijui ni kwamba IgG ya kaseti moja si sawa na IgG ya kaseti nyingine. Kaseti hizi zilitengenezwa kwa ajili ya mgonjwa aliye na homa leo, siyo kwa ajili ya kuuliza ya miaka sita nyuma. Katika baadhi yake mtengenezaji amepandisha kizingiti cha IgG makusudi, ili mstari utokee pale tu kingamwili zinapokuwa nyingi mno, kama zinavyokuwa kwa mtu anayeugua dengi ya pili sasa hivi. Kaseti ya namna hiyo inaweza kumwambia "hasi" mtu aliyelazwa kwa dengi mwaka juzi, na haijakosea, imejibu swali lake. Nyingine zina kizingiti cha chini, zinaonesha IgG ya zamani, lakini hizo ndizo zinazodaka pia kingamwili za ndugu wa dengi. Iliyotumika kwako sijui ni ipi. Waombe karatasi ya maelekezo iliyokuja kwenye boksi, wenyewe hawana haja nayo.

Kuna jingine, na hili lilinipata mwenyewe. Nikiwa bado mgeni kwenye kazi hii, katika maabara ambayo sitaitaja, niliziacha kaseti nne juu ya meza nikaenda kushughulikia damu ya dharura. Niliporudi, baada ya karibu saa nzima, mbili kati ya zile nne zilikuwa na kistari chembamba cha rangi ya waridi, kama mtu amechora kwa penseli iliyokwisha. Niliandika chanya. Mkubwa wangu akanirudisha, akatoa kaseti mpya, akanisimamisha pale na saa mkononi: dakika 20, hakuna kitu. Utepe wa ndani ya kaseti ukikauka, rangi hubaki njiani na kukaa pale pale penye mstari. Kwa hiyo nikuulize: kaseti yako ilisomwa baada ya muda gani? Ulikaa ukasubiri, au uliambiwa "zunguka kidogo urudi"?

ELISA ni kitu kingine. Imekuwepo tangu 1971, na bado ndiyo farasi wa kazi kwenye maabara. Kisahani cha plastiki chenye visima 96, kila kisima kimepakwa protini ya kirusi. Majimaji ya damu yako huzimuliwa, humiminwa, huoshwa, kisha huongezwa kingamwili nyingine iliyofungwa kimeng'enya, huoshwa tena, na mwisho hutiwa dawa ya rangi. Kisima chenye kingamwili hugeuka bluu, ukitia asidi ya kusimamisha hugeuka njano kama chai ya tangawizi isiyo na maziwa. Mashine husoma ukali wa njano hiyo na kuulinganisha na kisima cha mfano. Hapo ndipo inapotoka namba yako. Vipimo vingi huchora mipaka hivi: chini ya 0.9 ni hasi, juu ya 1.1 ni chanya, na katikati ni eneo la mashaka. Wewe umeangukia katikati kabisa.

Uzuri wa ELISA ni kwamba inakiri mashaka yake. Kaseti haina lugha ya "sijui". Jicho la mtu ndilo linaloamua, na jicho la saa 9 alasiri si jicho la saa 2 asubuhi. Ukinilazimisha kuchagua kati ya viwili hivyo, nachagua ELISA bila kufikiri mara mbili. Lakini kisima kilichopakwa protini ya dengi nacho hakijui kingamwili iliyonasa imetoka kwenye dengi au kwenye sindano ya 2016. Kinachopima vizuri ni wingi. Ukoo hakiuoni.

Niongeze hesabu kidogo, maana bila hii watu hugombana bure na maabara. Kipimo kina sifa mbili: uwezo wa kugundua aliyeugua, na uwezo wa kutomsingizia asiyeugua. Tuseme kipimo kinagundua 90 kati ya wagonjwa 100 wa zamani, na kinasingizia 5 kati ya 100 wasiowahi kuugua. Kipeleke kwenye mji wa baridi wa nyanda za juu, ambako tuseme watu 40 kati ya 1,000 ndio waliowahi kuipata. Utapata chanya za kweli 36, na chanya za kusingiziwa 48. Yaani ukiambiwa chanya kule, kuna uwezekano mkubwa zaidi kwamba si kweli. Kilete kipimo hichohicho kwenye mtaa wa pwani ambako 400 kati ya 1,000 wameipata: chanya za kweli 360, za kusingiziwa 30. Kipimo hakijabadilika hata chembe. Kilichobadilika ni watu waliopimwa. Wewe umeishi Dar, uliugua wakati wa mlipuko, na dalili zako zinaendana. Hilo linasukuma mizani upande wa "ndiyo". Chanjo inairudisha nyuma. Ndiyo maana sikupi jibu la mkato.

Sasa chikungunya, ambayo naona umeipita haraka kama mtu anayepita msibani asipopajua, wakati mimi naona ndiyo habari yako kubwa. Kirusi hiki si wa ukoo wa dengi hata kidogo, kwa hiyo chanjo ya homa ya manjano haiwezi kukusingizia hapa. Na 3.8 si namba ya kusitasita. Wewe ni mtu wa kusini, basi huenda ulishasikia kwamba jina lenyewe ni la Kimakonde, ugonjwa unaomkunja mtu. Uliandikwa kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa 1952 na 1953 kwenye uwanda wa Wamakonde, Newala, na kirusi kikatenganishwa kutoka kwenye damu ya mgonjwa mwaka 1953. Lamu mwaka 2004, baada ya mlipuko, watafiti walipima damu za wakazi wakakuta karibu robo tatu wana kingamwili za chikungunya. Robo tatu ya kisiwa! Kazi ya aina ile ndiyo ELISA inaifanya kwa ustadi: kuupima mji mzima. Makosa machache ya huku na huku hayaharibu picha. Kumhukumu mtu mmoja mwenye namba 1.04 ni mzigo mwingine.

Nimesema chikungunya ina ndugu. Anaitwa o'nyong'nyong, jina la Kiacholi, naye alizuka kaskazini mwa Uganda mwaka 1959 akaambukiza watu wanaokadiriwa milioni mbili, Kenya na Tanganyika zikiwemo. Huyu hubebwa na mbu wa malaria. Kingamwili zao huchanganyana, ila mchanganyiko umelalia upande mmoja: damu ya aliyeugua chikungunya huitika vizuri kwa o'nyong'nyong, ilhali damu ya aliyeugua o'nyong'nyong huitika kwa unyonge zaidi kwa chikungunya. Kwa mwitiko mkubwa kama wako, naegemea chikungunya. Lini uliipata, ELISA haisemi. Huenda ni utotoni Lindi, huenda ni hiyohiyo homa ya 2019 unayoiita dengi.

Usishangae. Kuzichanganya homa hizi mbili ni mazoea ya zamani kuliko maabara. Daktari James Christie, aliyekuwa Unguja, aliandika kuhusu homa ya viungo iliyoenea kisiwani mwaka 1870, wenyeji wakiiita kidinga pepo, na wazee wakikumbuka nyingine kama hiyo ya 1823. Wataalamu wengi huamini neno "dengue" lilitokana na neno letu hilo, likavuka bahari hadi Karibi. Leo bado tunasema kidingapopo tukimaanisha dengi. Ila watafiti waliosoma upya maelezo ya Christie, namna viungo vilivyoendelea kuuma muda mrefu, wanaona ile ya Unguja huenda ilikuwa chikungunya. Jina limekwenda kwa mmoja, ugonjwa ulikuwa wa mwingine. Nakuuliza basi: baada ya zile siku tano za 2019, vifundo vya mikono na miguu viliendelea kukuuma asubuhi kwa wiki kadhaa? Ulishindwa kukamua nguo? Jibu lako hapo lina thamani kuliko kaseti nyingine tatu.

Kipo kipimo kinachoweza kutenganisha ndugu. Badala ya kuuliza kama kingamwili zinanatia, kinauliza kama zinaua. Majimaji ya damu huzimuliwa kwa viwango mbalimbali, kila kiwango huchanganywa na kirusi hai, halafu mchanganyiko humwagwa juu ya zulia la seli zilizooteshwa kwenye kisahani. Baada ya siku kadhaa, palipo na kirusi kilichosalimika panakuwa na tundu katika zulia lile, na fundi anahesabu matundu mojamoja. Damu inayofuta nusu ya matundu, au asilimia 90 kwa wanaotaka ukali zaidi, hata ikiwa imezimuliwa sana, ndiyo yenye kingamwili halisi za kirusi kile. Hufanywa sambamba: aina zote nne za dengi, Zika, homa ya manjano. Kirusi kinachozimwa kwa mbali kuliko wenzake ndiye mtuhumiwa.

Hiki ndicho mizani ya mwisho katika fani hii, na bado nacho kina mahali kinapokwama. Mtu aliyewahi kuambukizwa na ndugu wawili tofauti huzima wote, na wakati mwingine humzima zaidi yule wa kwanza kumfahamu. Tena kinataka virusi hai, seli, maabara yenye ulinzi mkubwa, na mtu mwenye subira. Taasisi kama KEMRI, ile ya utafiti wa tiba ya Kenya, na ile ya utafiti wa virusi ya Entebbe, Uganda, zimekitumia katika tafiti. Kwenda dirishani ukalipia ukasubiri majibu, sahau.

Tuje kwenye hofu yako. "Dengi ya pili inaua" ni kweli iliyotiwa chumvi. Walio wengi hupona ya pili kama walivyopona ya kwanza. Lakini ni kweli kwamba hatari ya dengi kali huongezeka ukiambukizwa mara ya pili na aina tofauti na ile ya kwanza, kwa sababu kingamwili za kwanza hushika kirusi kipya bila kukiua na kukirahisishia kuingia ndani ya seli. Cuba waliliona hilo kwa machungu: aina ya 1 ilipita 1977, aina ya 2 ikaja 1981, watu 158 wakafa, 101 kati yao watoto. Dar nayo imepitiwa na aina ya 2 mwaka 2014 na aina ya 1 mwaka 2019, hivyo hatari si ya hadithini.

Mahali ambapo kujua ya zamani kuligeuka suala la uhai ni kwenye chanjo ya dengi yenyewe. Ufilipino ilianza kuwachanja watoto wa shule kwa chanjo hiyo, iitwayo Dengvaxia, mwaka 2016, zaidi ya laki nane. Novemba 2017 mtengenezaji akatangaza kwamba kwa asiyewahi kuugua dengi, chanjo ile ingeweza kumzidishia hatari pindi akija kuambukizwa. Ghafla kipimo cha IgG kikawa mlinzi wa mlango. Marekani, walipoikubali kwa baadhi ya watoto mwaka 2021, walitaka kipimo kisichosingizia zaidi ya 2 kati ya 100, wakakubali kigundue hata 75 tu kati ya 100. Angalia walivyochagua: afadhali kumkosa anayestahili kuliko kumchanja asiyestahili. Kipimo kizuri ni kile kinachokosea upande ambao kosa lake unaweza kulibeba.

Wewe kosa gani unaweza kulibeba? Ukijichukulia kwamba uliugua kumbe hukuugua, umepoteza nini? Utakuwa makini na homa, basi. Ukijichukulia hukuugua kumbe uliugua, siku ya homa utakaa nyumbani ukisubiri ipoe. Mimi ningekuwa wewe ningejihesabu miongoni mwa waliougua, na pesa ya kipimo cha nne ningenunulia chandarua cha dirishani na mfuniko wa pipa la maji. Mbu wa dengi huuma mchana, neti ya kitandani haimzuii.

Kaseti usirudie. ELISA wakikuita kurudia kwa kuwa ndivyo utaratibu wao, nenda maabara ileile wakitumia kipimo kilekile, maana 1.04 ya kampuni moja hailingani na 1.04 ya kampuni nyingine. Ila ikirudi 1.3 isikutie homa, na ikirudi 0.8 isikupe kiburi.

Siku ukipata homa ya ghafla, nenda ndani ya siku tano za mwanzo, waambie wakupime malaria na dengi NS1, ambacho kinatafuta protini ya kirusi chenyewe, wala hakijali chanjo yako. Kunywa maji mengi, meza panado, usiguse aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni mpaka dengi iondolewe kwenye orodha. Wakati wa kuogopa si homa ikipanda, ni ikishuka: tumbo likiuma sana, ukitapika mfululizo, fizi zikitoa damu, ukijisikia kulegea na kusinzia, hapo ni hospitali siku hiyohiyo, usiku au mchana. Na kadi yako ya manjano ipige picha ikae kwenye simu. Kabla fundi hajakufunga mpira mkononi, muoneshe.